Mkumbushaji

Sauti ilimjia mwanamke aliyeitwa Sikio saa tatu na dakika kumi asubuhi, katikati ya rekodi ya ushahidi wa mzee mmoja aliyekuwa akieleza mpaka wa shamba lake. Kutoka kwenye jiwe, mzee alisema, unashuka mpaka kwenye mfereji. Hapo ikaingia sauti nyingine, ya kike, tulivu, ya karibu kabisa, kana kwamba mtu ameinama begani kwake: usisahau kumrudishia shangazi sufuria yake. Kisha mzee akaendelea na mfereji wake.

Vidole vya Sikio vilikuwa vimeshaandika. Alikanyaga kanyagio la kusimamisha rekodi, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Jiwe lilikuwepo, mfereji ulikuwepo, kikohozi cha karani kilikuwepo. Shangazi na sufuria yake hawakuwepo. Alirudia mara nne, akafuta ule mstari, akacheka peke yake. Lakini jambo lilimkaa kooni, kwa sababu hakuwa na shangazi. Baba yake alizaliwa peke yake, hakuwa na dada wa tumbo moja wala wa kambo, na katika miaka yote ya uhai wake Sikio hakuwahi kumwita mtu yeyote kwa jina hilo.

Alikuwa mpiga chapa wa baraza la ardhi. Mashauri yalirekodiwa, na yeye na wenzake watatu walikaa kwenye chumba cha nyuma, hedifoni masikioni, wakigeuza maneno kuwa kurasa. Alikuwa na miaka kumi na sita kwenye meza ile, na jina la Sikio alipewa na wenzake, kwa sababu shahidi angeweza kunong'ona huku anatafuna na bado Sikio angempata. Kazi yenyewe ina sheria moja: andika unachosikia, usiandike unachofikiri. Mpiga chapa mzuri hasubiri kuelewa. Maneno yanaingia sikioni na kutokea kwenye vidole, nyuma ya msemaji kwa nusu neno tu, na akili inakaa pembeni. Na mwisho wa kila shauri anatia sahihi yake chini ya maneno haya: nathibitisha kwamba haya yote nimeyasikia kwa masikio yangu na kuyaandika kama yalivyosemwa.

Tuseme ukweli, kichwa cha Sikio kilikuwa kimejaa hata kabla ya shangazi kuhamia. Kilikuwa kama lile kabati la jikoni ambalo ukilifungua lazima uzuie vifuniko kwa kifua. Bomba la bafu linavuja. Mtungi wa gesi umebaki mwepesi. Sare ya binti imeachia mshono kwapani. Kundi la ukoo lina ujumbe sitini na mbili ambao haujasomwa na mmoja wapo hakika unamlaumu yeye. Fundi hajapigiwa, mwalimu hajajibiwa, saa ya ukutani imesimama tangu mwezi uliopita, na kila akiitazama humwambia ni saa sita kasorobo.

Alipolalamika, watu walimwambia apunguze mawazo. Jirani yake wa meza alimwambia, daktari wa zahanati alimwambia, hata muuza vocha alimwambia. Punguza mawazo, utafikiri mawazo ni chumvi mtu anajitilia mwenyewe kwa kijiko. Hakuna aliyewahi kumwambia unapunguzia wapi, unashika upande gani, ukishayatoa unayaweka wapi. Sikio aliitikia ndiyo, asante, nitapunguza, na akarudi nyumbani na mawazo yale yale pamoja na moja jipya, la kupunguza mawazo.

Yote hayo angeyavumilia kama si binti yake. Binti alikuwa na miaka tisa, darasa la nne, mtoto wa maneno kupita kiasi. Waliishi wawili tu. Baba mtu alikwenda zamani kutafuta maisha mengine, na huyo hatuna haja naye. Kila jioni binti alisimulia siku yake kuanzia kengele ya kwanza, nani kamsukuma nani, mwalimu kasema nini, na mama yake alisema "mm" kila palipostahili. Jioni moja mezani mtoto alikatiza hadithi yake, akamtazama mama yake, akauliza kwa upole nimesema nini. Sikio alifungua mdomo. Hakukumbuka hata neno moja. Binti hakununa. Alinyanyua sahani yake, akaiosha, akaenda kufanya hesabu zake, na tangu siku hiyo akawa anasimulia nusu tu.

Hilo lilimuuma Sikio kuliko bomba na gesi na ukoo mzima. Alikuwa akilipwa kusikiliza wagomvi wa mashamba neno kwa neno, na mtoto wake mwenyewe alimpita masikioni. Hakuomba makubwa. Alitaka kukaa na binti yake dakika kumi, kichwa kikiwa kimenyamaza, amsikie mpaka mwisho. Aliona wazi kwamba akichelewa, mtoto atazoea kutosikilizwa, na mtoto akishazoea hivyo humrudishi.

Basi alipambana. Alinunua daftari dogo, akaandika kila kinachomsumbua ili kitoke kichwani kikae kwenye karatasi. Asubuhi aliandika mambo tisa. Mchana alipolifungua yalikuwa kumi na matatu, yote kwa mwandiko wake, na ile herufi ya mwisho yenye mkia kama anavyoipinda yeye. Mbuzi hajanyweshwa. Barua ya mama mkwe haijajibiwa. Shuka zimeachwa nje. Na la chini kabisa: kisima hakijafunikwa, na mtoto anacheza karibu.

Sikio hakuwa na mbuzi, wala mama mkwe, wala kisima. Alichana ukurasa. Kesho yake yakawa kumi na saba. Alizima simu siku mbili, akatembea kwa miguu kila asubuhi, akajaribu kuvuta pumzi kwa kuhesabu kama alivyoelekezwa na jirani wa meza, na katikati ya hesabu, kati ya nne na tano, ile sauti ilimwambia kwa utulivu kwamba pasi haijazimwa. Akakimbia kutoka kazini hadi nyumbani kutazama. Pasi ilikuwa kabatini, baridi, na waya wake umezungushwa. Lakini nyumba nzima ilinuka kitambaa kinachoanza kuungua.

Harufu ile ikawa haimwachi. Ilitangulia sauti kwa pumzi mbili tatu, harufu ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, kisha mtu akavuta pumzi nyuma ya sikio lake kama anayetaka kusema kwa adabu, kisha ukumbusho. Haikuchagua saa. Ilikuja saa nne asubuhi kwenye foleni ya benki, ikaja mchana kweupe ofisini, ikaja jikoni huku jua linawaka dirishani. Na kilichomtia hasira hadi machozi ni kwamba haikumtishia kitu. Ilimkumbusha tu. Alipolishughulikia jambo moja, yakaja mawili. Alipiga simu kwa fundi, bomba likatengenezwa, na kabla fundi hajafika getini sauti ilikuwa imeshamuuliza kuhusu paa la banda la mtu ambaye hakumjua.

Kisha likatokea la barazani. Shauri la yule mzee wa mfereji lilisikilizwa tena, na wakili wa upande wa pili akasimama na nakala mkononi, akaomba ruhusa kusoma ukurasa wa thelathini na moja. Alisoma kwa sauti nzito kwamba mpaka unatoka kwenye jiwe, unashuka mfereji, na usisahau sufuria ya shangazi, unakata kulia kwenye mnazi ulioanguka, na gesi umeifunga, na kisima hakijafunikwa. Watu wakavunjika mbavu. Mwenyekiti wa baraza aligonga meza, lakini naye alikuwa ameficha mdomo kwa mkono. Mzee wa watu akabaki anatazama huku na huku, akidhani wanamcheka yeye.

Sikio aliitwa na msimamizi wao, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Mhuri, kwa kuwa hata chai yake angeigonga mhuri kama ingekuwa na pa kugonga. Siku hiyo hakuwa na utani. Alimgeuzia ukurasa wa mwisho.

"Hii sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Umethibitisha hapa kwamba haya yote umeyasikia."

Sikio alitazama maneno yale. Angeweza kusema amechoka, angeweza kusema mashine imekosea. Akasema lililokuwa kweli.

"Niliyasikia, bosi."

Bwana Mhuri akafunga faili. Alimwambia kwamba katika chumba kile hajawahi kuwa na sikio kama lake, na kwamba likitokea tena atampeleka stoo akahesabu maboksi. Sikio alitoka pale kwa hasira na aibu, akakaa mezani akipekua kila nakala aliyoisaini mwezi ule, akayakuta maneno ya ile sauti, hata ule mstari wa sufuria aliokuwa ameufuta, matatu hapa, matano kule, yamejificha ndani ya maneno ya watu, na chini ya kila moja sahihi yake. Alipoinua kichwa ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Binti hutoka shule saa kumi.

Alimkuta amekaa juu ya jiwe karibu na mlinzi wa shule, begi magotini. Hakulia wala kulaumu. Walitembea bega kwa bega, na baada ya hatua chache Sikio alisikia mtoto anaongea kwa sauti ya chini sana, anajisimulia siku yake mwenyewe, kengele ya kwanza, nani kamsukuma nani. Anasimulia kidogo, ananyamaza, kisha anajiitikia mwenyewe: mm. Sikio alipigwa na ile "mm" kifuani kama ngumi. Usiku ule hakuwa na hamu ya kula wala kulaumu mtu, na kulipokucha akampigia dada yake.

Dada mkubwa alikuwa na duka la vifaa vya ushonaji, na alikuwa mtu wa kupima maneno kama anavyopima utepe. Alikuja, akasikiliza yote, kisha akasimama katikati ya jikoni akavuta hewa puani.

"Mdogo wangu," akasema polepole, "hayo si mawazo. Mawazo hayanuki."

Jumatano saa sita mchana Sikio aliomba ruhusa kazini hadi saa nane, na dada yake akampeleka kwa mama mmoja wa dawa aliyeishi nyuma ya karakana ya matairi. Sikio alitarajia mikia na vibuyu. Alikuta meza, viti viwili, pazia la kijani, na redio kaseti kuukuu yenye vitufe vya kubonyeza. Yule mama wa dawa alikuwa mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na kabla hawajaketi alikuwa ameshafungua dirisha.

"Ananuka pasi," alisema. "Huyu namfahamu. Kaa."

Aliongea kwa sauti ndogo, akitazama mlango kila mara kana kwamba kuna anayeweza kuingia. Alisema huyo ni jini mkumbushaji. Hana sura, hana njaa ya damu wala ya manukato. Anakula mambo ambayo watu hawajayamaliza, na kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuyamaliza yote, hafi njaa. Anapohama kichwa anabeba mizigo ya mwenyeji wa zamani na kuja nayo. Sikio akauliza kwa hofu kama yule wa kisima alikuwa mtu kweli. Mama wa dawa akavua miwani.

"Wote walikuwa watu. Huyo wa kisima alikumbushwa mambo mengine mengi siku hiyo."

Dada mkubwa aliomba Mungu chini chini. Sikio akauliza imekuwaje akachaguliwa yeye, kosa lake nini. Mama wa dawa akamwambia hakuchaguliwa. Jini anapita masikioni mwa kila mtu, anasema neno lake, mtu analipuuza, naye anapita. Yeye Sikio aliliandika. Tena akaweka sahihi kwamba amelisikia. Hakuna mwenyeji aliyewahi kumkaribisha kwa maandishi.

Dawa yake ilikuwa rahisi kuitaja. Sikio ataachwa peke yake chumbani na redio kaseti ikirekodi. Atataja kila kinachomsumbua, kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja atasema: nimelitua. Kanda ikiisha itachomwa bila kusikilizwa na mtu, kwa kuwa atakayesikia ndiye atakayebeba, na kwa sababu hiyo hata wao wawili watakaa nje ng'ambo ya karakana. Alichotua kitaondoka na jini, na ile mizigo ya wengine itaondoka naye pia, kwani ni yake.

"Sasa nisikilize vizuri," mama wa dawa alisema, akamshika mkono. "Atakuingilia. Atakutajia mambo. Ukisikia harufu, funga mdomo mpaka anyamaze, halafu uendelee na lako. Usirudie neno lake. Ulimi wako ukilitaja na kulitua, limetuliwa, na halirudi."

"Hata kama ni kitu ninachokitaka?"

"Yeye hajui unachokitaka. Anajua kilichotuliwa tu."

Walitoka. Pazia lilivutwa, chumba kikawa na mwanga wa kijani, na nje nyundo za karakana zikawa zinagonga ringi za magari. Sikio alibonyeza kitufe. Alianza kwa aibu, kama mtu anayeongea na ukuta. Ujumbe sitini na mbili wa ukoo, nimelitua. Saa ya ukutani, nimelitua. Maneno aliyoniambia baba wa mtoto siku aliyoondoka, nimelitua. Kicheko cha barazani, nimelitua. Na kweli, kila aliposema, kitu kililegea nyuma ya macho yake. Alihisi nafasi, akahisi pumzi inafika chini kabisa, akataka kucheka kwa raha. Miaka mingapi ameambiwa apunguze, na kumbe kuna mahali pa kuyaweka.

Robo saa ilipopita ikaja harufu. Sikio akafunga mdomo. Sauti ikasema sufuria, akanyamaza. Ikasema mbuzi, akanyamaza. Ikasema kisima, akauma midomo hadi meno yakaacha alama, na sauti ikakaa kimya. Akaendelea. Mshono wa sare, nimelitua. Na hapo sauti ikabadili mwendo. Ikaacha mambo ya watu ikaanza kutaja ya kwake, ya kweli, tena kwa mwendo ule ule wa shahidi kwenye rekodi, si haraka wala taratibu, mwendo ambao vidole vyake viliufuata kwa miaka kumi na sita.

Alifungua mdomo kusema mtungi wa gesi na sauti ikasema mtungi wa gesi pamoja naye, akasema barua ya mwalimu nayo ikasema barua ya mwalimu mbele yake kidogo tu, akataka kunyamaza kama alivyoagizwa lakini hakujua tena anyamaze wapi kwa sababu maneno yalikuwa yake na sauti ilikuwa kama yake, na harufu ya kitambaa ilikuwa imejaa puani na kooni na machoni hadi machozi yakamtoka, na pumzi ile nyuma ya sikio ilikuwa imegusa shingo sasa, baridi, ya mtu aliyesimama karibu mno, na akili yake, kwa hofu, ikafanya ilivyozoea kufanya kila asubuhi saa mbili na nusu, ikakaa pembeni, ikaacha sikio liongee na ulimi kama lilivyokuwa likiongea na vidole, nusu neno nyuma, bila kusubiri kuelewa, viatu vya mvua nimelitua, deni la usingizi nimelitua, kadi ya kliniki nimelitua, saa kumi getini nimelitua, binti yangu nimelitua.

Kitufe cha redio kaseti kilijirusha juu. Kanda ilikuwa imeisha upande wake.

Sikio alikaa. Harufu ilikuwa imekwenda. Nyundo za karakana zilisikika moja moja, safi, na kati ya nyundo na nyundo palikuwa na kimya ambacho hakukijua tangu utotoni. Alijaribu kukumbuka alilolitaja mwisho, kwa sababu kitu fulani kilikuwa kimemshtua, shavu lake bado lilikuwa na machozi. Hakupata kitu. Alifuta machozi, akafungua mlango, na jua lilimpiga usoni vizuri sana.

Mama wa dawa aliitoa kanda kwa vidole viwili, akaitia kwenye kopo, akaimwagia mafuta ya taa. Moshi ulipopungua alimuuliza kama amesema yake tu, hakuna la mtu mwingine. Sikio akamjibu kwa moyo mweupe kwamba yote yalikuwa yake. Na hakusema uongo. Dada mkubwa alimkumbatia akalia, akasema uso umerudi, uso wa mdogo wake aliyemjua. Njiani, walipoachana kwenye kona ya duka, alimwambia: mwambie mwanangu nimemwekea utepe wa nywele, aje Jumapili auchukue. Sikio aliitikia. Hakujua anamsema mwana yupi, maana dada yake alikuwa na wanne, lakini hakutaka kuharibu furaha ya watu kwa maswali.

Mchana ule alifanya kazi kuliko siku yoyote ya maisha yake. Alichukua shauri la ndugu wawili na njia ya kupitia ng'ombe, kurasa arobaini, na hakurudisha nyuma hata mara moja. Hakuna aliyeinama begani. Alipomaliza alisoma tena kurasa zote, hakukuta neno lisilo na mwenyewe, akasaini kwa mkono uliotulia. Bwana Mhuri alipita, akasoma tatu nne akiwa amesimama, akagonga mhuri kwa furaha. Wenzake walipoaga saa kumi walimkuta anafuta vumbi kwenye kibodi. Alisema atabaki kidogo, hana haraka. Ilikuwa kweli, hakuna mahali alipotakiwa kuwa.

Saa kumi na moja na robo mlinzi wa ofisi alifungua mlango, akaonyesha kwa kidole, akarudi zake chini. Mtoto wa kike aliingia, sare imechafuka vumbi hadi magotini, mkanda wa begi umekatika amelikumbatia kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Sikio alivua hedifoni akaziweka mezani. Akageuza kiti chake chote, akamtazama mtoto usoni. Mtoto alisita, kwa sababu hakuwa amezoea kugeuziwa kiti. Kisha akaanza. Alisema amesubiri, akasubiri, mlinzi wa shule akafunga geti dogo, akaona bora aje mwenyewe kwa miguu kwa kuwa njia anaijua. Sikio akamuuliza amepita njia gani. Mtoto akasema ya darajani, na darajani palikuwa na mbwa, na hakuogopa, halafu akaogopa, akatembea nyuma ya mama mmoja mwenye ndoo akijifanya ni wa kwake mpaka mbwa akaachwa. Sikio akauliza mbwa alikuwa wa rangi gani, na kama yule mama mwenye ndoo alijua. Hakujua, mtoto akasema, na akacheka. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. Akasogea karibu. Akasema kuhusu begi, na aliyelikata, na kwa nini walikuwa marafiki na sasa si marafiki, na wimbo waliochaguliwa kuimba, na yeye amechaguliwa kuimba peke yake ubeti wa pili na hakumwambia mtu kwa sababu, kwa sababu tu. Alizungumza kwa dakika kumi nzima, pengine kumi na mbili. Hakuna hata mara moja alipojibiwa "mm". Kila alipotua, mwanamke yule aliuliza kitu kinachotoka kwenye alichokisema, jina kwa jina, bila kukosea, na mtoto alipofika mwisho alikuwa ameegemea goti lake kwa kujisahau, mashavu yamemwiva kwa furaha.

"Pole kwa njia ndefu, mwanangu," Sikio alisema, kwa upole ambao mtu mzima yeyote humpa mtoto wa mwenzake. "Na hongera ya wimbo. Sasa niambie, mama yako anafanya kazi chumba gani humu, nikupeleke?"

Mtoto alicheka. Alisubiri mama yake naye acheke. Kicheko kilibaki usoni kwa muda, kisha kikaanza kutoka kidogo kidogo, kuanzia machoni, na mikono ikalikumbatia begi tena.

"Mama," alisema.

"Ndiyo. Anaitwa nani?"

Sikio alishika kalamu, tayari kuandika, akamsubiri ajibu. Hakumharakisha. Alimtazama kwa makini yote aliyokuwa nayo, na kichwani mwake hakukuwa na kitu kingine chochote.